Namna ya Kuchagua Titi Bandia Linalokufaa Baada ya Upasuaji wa Titi

Wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa titi huanza kuulizia titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria kwa kutaja ukubwa, kana kwamba wananunua viatu. Ukubwa ni jambo la tatu. La kwanza ni hali ya kovu na la pili ni sidiria, kwa sababu titi bandia kwa kawaida halijishikilii lenyewe kifuani, na sidiria mbovu huliharibia kazi hata lile la bei ya juu kabisa.

Tuanze na kovu. Katika wiki za mwanzo, wakati kifua bado kinauma na pengine mrija wa kutolea majimaji umeondolewa juzi tu, kinachofaa ni titi jepesi la kitambaa laini, lililojazwa pamba ile inayojazwa kwenye mito. Titi la namna hii halilemei mshono, na ukubwa wake hubadilishwa kwa kutoa au kuongeza pamba kadiri uvimbe unavyopungua. Titi la silikoni, yaani mpira laini kama jeli, hungoja mpaka kidonda kifunge vizuri, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8. Anayepigwa mionzi hungoja zaidi, kwa kuwa ngozi iliyopitiwa na mionzi huwa nyeusi kuliko kawaida, hukauka na huchubuka kwa msuguano mdogo. Kauli ya mwisho kuhusu muda huo ni ya daktari au muuguzi wa kliniki yako, si ya mwenye duka, hata kama bei anayotoa leo ni ya kuvutia.

Kovu likishakuwa tayari, nunua sidiria kabla ya kununua titi. Ili kupata kipimo, tepu ya fundi cherehani inatosha. Zungusha tepu kifuani chini kidogo ya mahali titi linapoanzia, ikae sawa mbele na mgongoni, na upumue kama kawaida wakati wa kusoma namba. Kipimo cha pili ndicho kinachowapoteza wengi: kwa kuwa upande mmoja hauna titi, kuzungusha tepu kifua kizima hutoa namba ndogo kuliko inayotakiwa. Badala yake, anzia katikati ya mfupa wa kifua, pitisha tepu juu ya sehemu iliyojaa zaidi ya titi lililobaki, ifikishe katikati ya uti wa mgongo, kisha zidisha namba hiyo mara mbili. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayokuelekeza kwenye herufi ya kikombe. Kwa kukadiria, tofauti ya inchi 1 ni A, inchi 2 ni B na inchi 3 ni C.

Sidiria inayofaa ina mikanda mipana mabegani, vikombe vinavyofunika titi lote hadi karibu na kwapa, na kipande cha katikati kinacholala juu ya mfupa wa kifua bila kuacha mwanya. Epuka yenye waya, hasa katika miezi ya mwanzo, kwa sababu waya hukandamiza mahali ambapo ngozi haina hisia na unaweza kuchubuka bila kujua. Sidiria za mtumba si za kudharauliwa, na baadhi zina mshono bora kuliko mpya za bei ya chini, lakini vuta lastiki ya mgongoni kabla ya kutoa pesa: ikirudi kwa uvivu au ikibaki na mawimbi, iache hapo hapo. Huna haja pia ya kutafuta sidiria maalumu iliyotengenezwa na mfuko ndani. Mpelekee fundi sidiria yako pamoja na kipande cha fulana safi ya pamba, akishone kuzunguka ukingo wa ndani wa kikombe na kuacha mlango upande wa kwapa. Mfuko huo ndio utakaozuia titi lisichomoke unapoinama kupiga deki au kumwinua mtoto, na ndio utakaoizuia silikoni isigusane moja kwa moja na ngozi yenye jasho.

Sasa umbo. Yapo matiti bandia ya pembetatu, ambayo huwafaa wengi kwa kuwa yanaweza kuvaliwa kulia au kushoto. Yapo yenye umbo la tone la maji, ambayo humfaa mwanamke ambaye titi lililobaki limejaa zaidi sehemu ya chini. Na yapo ya upande mmoja tu, yenye mkia unaoelekea kwapani ili kujaza pale daktari alipoondoa nyama pamoja na tezi. Aliyeondolewa uvimbe peke yake, titi likabaki lakini likapungua, hahitaji titi zima: kuna ganda jembamba la silikoni linalowekwa juu ya titi lenyewe ili kulijaza. Aliyeondolewa matiti yote mawili ana uhuru ambao wengine hawana, kwani halazimiki kufananisha na chochote, na wapo wanaochagua ukubwa mdogo kuliko ule waliokuwa nao. Tahadhari moja: namba iliyoandikwa kwenye boksi la titi bandia si namba ya sidiria, na kila mtengenezaji ana jedwali lake. Namba 6 ya kampuni moja si lazima ilingane na namba 6 ya nyingine, kwa hiyo anayeagiza kwa njia ya mtandao aombe jedwali hilo kwanza, na aulize kama atakubaliwa kurudisha.

Uzito ndio unaoleta ubishi mkubwa zaidi. Titi la kawaida la silikoni hutengenezwa likaribie uzito wa titi halisi, na kwa mwanamke ambaye titi lililobaki ni kubwa uzito huo una faida ya wazi: bila kitu kizito upande wa pili, sidiria hupanda juu upande mtupu, bega moja hushuka, na jioni shingo huanza kukaza. Hata hivyo, aliyeondolewa tezi za kwapani na ambaye mkono wake huvimba asikubali kubebeshwa uzito kwa hoja kwamba ndio wa asili. Mkanda unaochimba begani unaweza kuuongezea mkono huo uvimbe, na kwake lifaalo ni titi la silikoni nyepesi, ambalo kwa kawaida lina uzito pungufu kwa asilimia 20 hadi 40, pamoja na mikanda mipana. Kwa maoni yangu, mwanamke mwenye titi dogo au la wastani hapotezi chochote akichagua jepesi tangu mwanzo, hasa akiwa mkazi wa mahali penye joto kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa.

Asiyemudu silikoni, au asiyeipenda, asidhani amebaki na matambara tu. Nchini Kenya wapo wanawake waliopona saratani wanaofuma matiti bandia kwa uzi na kuyajaza nyuzi laini. Ni mepesi, hupitisha hewa, hufuliwa kwa sabuni ya kawaida, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya silikoni. Kasoro yake ni wepesi wenyewe, kwani hupanda juu kadiri siku inavyokwenda. Dawa yake ni kushona kifuko kidogo cha shanga au kokoto laini zilizooshwa na kukikita katikati ya pamba, kielekee chini na mbele, kisiguse upande wa kovu. Mchele na mtama havifai kwa kazi hii: jasho huvifanya viote ukungu, na wadudu hawachelewi.

Siku ya kujaribu dukani, vaa blauzi ya kubana kidogo yenye rangi moja, kwa sababu kitenge chenye maua makubwa au dera pana huficha kila kasoro. Mchukue ndugu au rafiki ambaye hataona haya kukwambia ukweli. Ingiza titi kwenye mfuko kwanza, vaa sidiria, inama mbele kidogo ili vyote viwili vikae mahali pake, kisha simama wima. Tazama kwenye kioo mbele na ubavuni: chuchu ziwe usawa mmoja, ukingo wa juu wa titi usijitokeze chini ya nguo, na ukingo wa chini ulale kifuani bila kuinuka. Nyanyua mikono yote miwili, inama kama unayefunga viatu, keti, tembea dukani kwa muda wa kutosha. Kama muuzaji hakuruhusu kufanya hayo, tafuta duka jingine. Rangi isikusumbue sana. Zipo silikoni za kahawia zinazokaribiana na ngozi zetu, lakini ndani ya sidiria hakuna aionaye, na si busara kulipa ziada kwa ajili yake isipokuwa wewe mwenyewe ukiridhika nayo zaidi.

Walioko Uingereza hupewa titi bandia bila malipo kupitia huduma ya afya ya taifa, na nchini Marekani sheria ya mwaka 1998 inazitaka bima zinazogharimia upasuaji wa kuondoa titi zigharimie pia titi bandia. Mwenye bima ya afya hapa kwetu aulize kwa maandishi kabla ya kununua, si baada.

Titi la silikoni huoshwa kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, hukaushwa kwa taulo, na hulazwa ndani ya boksi lake lenye umbo la titi ili lisikunjike, lisianikwe juani. Ukiogelea baharini au kwenye bwawa lenye klorini, lisuuze mara moja kwa maji baridi. Adui wake mkubwa ni ncha kali, na hapo wavaaji wa hijabu wana la kuzingatia: pini ibandikwe begani au chini ya kidevu, kamwe isiwe upande wa titi bandia. Kila jioni ukivua, kitazame kifua chako kwenye kioo, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi haitakuambia imechubuka. Ukiona upele, kidonda, joto au uvimbe mpya, acha kuvaa na uende kliniki.

Kwa matunzo hayo, silikoni hudumu miaka 2 hadi 5, na titi la kitambaa hudumu takriban miezi 6 kabla ya kupoteza umbo. Likivuja, likinata au likipasuka kwenye mshono, limekwisha. Sidiria huchoka mapema zaidi kuliko silikoni, na ukinenepa au ukikonda, jambo la kawaida wakati wa matibabu, rudia vipimo vyote tangu mwanzo kabla ya kununua chochote kipya.