Maji ya zamu yasiishie njiani

Anayelima chini ya milima ya Upare, tuseme Bangalala wilayani Same, hamwagilii siku anayotaka. Anamwagilia zamu yake ikifika. Maji ya usiku hukusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji, asubuhi mlango unafunguliwa, na mwenye zamu anawahi shambani na jembe. Ni utaratibu wa wazee, na kwa maoni yangu hauhitaji pampu ili ufanye kazi vizuri. Kinachohitaji kusimamiwa ni safari ya maji kutoka ndiva hadi kwenye shina la mhindi.

Piga hesabu hii. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, hivyo kuilowesha kwa milimita 25 kunataka lita 100,000. Hiyo ni ndiva ya mita 10 kwa 10, kina mita 1, iliyojaa pomoni. Nusu ikivuja mferejini, umemwagilia nusu ekari tu, na zamu imekwisha. Tope nalo likikalia nusu ya kina, ndiva imebaki nusu hata kabla hujafungua mlango. Itisheni msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope kabla ya mvua, na lisitupwe: ni udongo wa juu ulioporomoka kutoka mlimani, urudisheni mashambani.

Mfereji ukaguliwe wakati wa kiangazi. Palipo na majani mabichi ilhali kwingine pamekauka, hapo panavuja. Fukua tundu lote, jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, shindilia tabaka kwa tabaka. Saruji iwekwe penye mchanga, penye mwamba uliopasuka au panapovuka korongo. Sishauri kusakafia mfereji mzima kwa pupa. Baadhi ya maji yanayozama hutokeza kwenye chemchemi za chini, na huko kuna watu wanaoteka ya kunywa. Waulizeni kwanza.

Shambani kuna hasara nyingine, na hii inatokana na hofu. Kwa kuwa hajui zamu itarudi lini, mkulima anajaza maji mpaka yanasimama. Yanayopita chini ya mizizi hayarudi, na huondoka na naitrojeni ya mbolea uliyoinunua. Kabla ya kufungulia, chimba shubiri moja na nusu, fumbata udongo. Ukishikamana donge na kukuachia unyevu kiganjani, mpe jirani zamu hiyo, akulipe ya kwake utakapobanwa. Udongo wa kichanga haufanyi donge zuri hata ukiwa na maji, kwa hiyo huo upime kwa ubaridi na ulaini wake.

Maji yakiwa haba, yaweke akiba kwa ajili ya wakati mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu. Ukame wa siku hizo huacha magunzi yenye mapengo, na mvua ya baadaye haiyajazi. Maharage nayo yalindwe yanapochanua na kuanza kufunga maganda. Heri kupunguza eneo mapema kuliko kuwa na shamba zima lililonyong'onyea.

Matuta yakinge mteremko, yasishuke nao. Tandaza mabua, najua ng'ombe wanayasubiri, basi tumia majani makavu ya migomba au magugu yaliyong'olewa kabla hayajatoa mbegu.

Chanzo cha maji kinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mikaratusi isipandwe hapo, mikuyu iachwe.

Sasa suala ambalo vikao vingi hulikwepa. Maji yaliyookolewa yakitumika yote kufungua ekari mpya, bonde halijapata nafuu yoyote. Chini kuna mifugo, mashamba mengine na mitambo ya umeme kama ya Hale. Kabla ya kuongeza eneo, jumuiya ya watumia maji irejee kibali chake kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani na ione kinaruhusu kiasi gani. Kisha simikeni kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mferejini, mti wenye alama za vipimo, mbele ya wajumbe wa juu na wa chini, na katibu aandike kina cha maji kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa.