Kuigeuza pikipiki ipite majini: anza na maboya, injini baadaye

Mafundi wengi wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza jinsi ya kufunga rafadha, yaani panga linalozunguka kusukuma chombo majini. Hilo liache mpaka mwisho. Pikipiki ikishaingia majini imekuwa chombo, na chombo kinachoyumba hakikufikishi ng'ambo hata kiwe na injini mpya.

Hatua ya 1: Hesabu ya uzito

Pima kila kitu kwenye mizani, usikisie. Pikipiki ya cc 125 yenye mafuta ina takriban kilo 110. Ongeza dereva kilo 75, fremu na maboya kilo 45: jumla kilo 230. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo kila kilo uliyopakia inadai lita 1 ya boya lililozama. Hapo utahitaji lita 230 ili usizame tu. Zidisha kwa 2. Mimi natumia mapipa 8 ya plastiki ya lita 60, manne kila upande, yaani lita 480. Pipa moja likipasuka, mengine 7 bado yanakubeba. Ndiyo maana sipendi boya moja refu lisilo na vyumba ndani.

Ukitaka kuyajaza povu, tumia la poliurethani. Polistirini nyeupe huyeyuka ikiguswa na petroli.

Hatua ya 2: Upana

Hapa ndipo watu hupinduka. Pikipiki ni ndefu kwenda juu na uzito wa dereva umekaa juu zaidi, kwa hiyo maboya yatanuke kama matengo ya ngalawa, yale maboya ya pembeni yanayoizuia isipinduke. Kutoka katikati ya safu ya kushoto hadi katikati ya safu ya kulia acha mita 1.6, isipungue. Safu yangu ya kwanza niliibana ili nipite njia nyembamba. Nilipogeuza shingo kutazama nyuma, chombo kikanilalia. Maji yalikuwa ya kiunoni, na nashukuru kwa hilo mpaka leo.

Chomelea fremu ya mabomba ya chuma, uifunge kwenye chesisi kwa bolti. Usiitegemeze kwenye ekseli wala vishikio vya miguu. Weka bawaba ili maboya yainuliwe juu barabarani, na kila bawaba iwe na pini 2 za kufungia. Panga kimo cha maboya ili maji yafike usawa wa ekseli za magurudumu.

Hatua ya 3: Kuzuia maji

Mdomo wa kuvutia hewa upandishe kwa bomba la mpira hadi chini ya kiti au juu zaidi, ekzosi nayo ielekee juu. Maji hayabanwi kama hewa: yakiingia kwenye silinda huku injini inazunguka, konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, inapinda. Kitundu cha kupumulia cha injini kirefushe kwa mpira mwembamba hadi chini ya tangi. Plagi na koili zipake grisi ya silikoni.

Jambo linalosahaulika sana ni beringi. Habu (kitovu cha gurudumu) yenye moto ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Subiri mpaka uweze kuishika kwa mkono bila kuungua, ndipo uingie.

Hatua ya 4: Mwendo

Kwa anayeanza nashauri vibao vya alumini kwenye gurudumu la nyuma, vikiishia sentimita 3 ndani ya ukingo wa tairi. Rafadha ina nguvu zaidi, lakini ekseli imelala kwa upana na shafti ya rafadha inalala kwa urefu, hivyo utahitaji giaboksi ya kupinda digrii 90. Vibao havidai chochote, na gurudumu likigusa ufuko linakupandisha lenyewe.

Usihangaike na kasi. Maboya ya mita 2.5 hayavuki sana kilomita 7 kwa saa, hata ukiongeza moto. Kwa mwendo huo hakuna upepo wa kupoza silinda, basi tumia gia ndogo. Mimi sipitishi dakika 10 bila kuizima injini.

Gurudumu la mbele lizibe spoki kwa duara la plastiki, litakuwa usukani. Amphicar ya Ujerumani, gari la miaka ya 1960, nayo ilikata kona majini kwa magurudumu ya mbele.

Gari kuukuu

Kanuni ni zilezile. Mwaka 2003 Wacuba 12 walielekea Florida kwa lori la Chevrolet la 1951 lililofungwa mapipa, rafadha ikiendeshwa na shafti ya lori lenyewe. Lilielea. Ukiamua kuziba bodi badala ya kufunga mapipa, weka pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya chombo, na pepea mvuke wa petroli kabla ya kuwasha: bodi isiyopitisha maji haitoi mvuke pia.

Hatua ya 5: Majaribio

Vaa jaketi la kuokolea. Kamba ufukweni, maji ya kiunoni, injini imezimwa. Kaa dakika 30, egemea kila upande, kisha tikisa kila pipa usikie kama lina maji. Siku nyingine ndipo uwashe.

Ukitoka, breki zikaushe kwa kuzibana taratibu huku unaendesha polepole. Nyumbani fungua kifuniko cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji, imwage siku hiyohiyo.