Unarudi Nairobi na unataka nyumba Eastlands? Soma hii kwanza

Watu wangu wa majuu, kila ikikaribia Disemba napokea simu za aina moja tu, nimechoka na baridi nataka kurudi, na sitaki hizo fleti ndefu za Kilimani, nataka mtaa wa zamani wenye miti na watu wanajuana. Nawaelewa sana. Mimi nimelelewa Jericho na saa hii nakaa Buruburu na sina mpango wa kuhama. Lakini kabla hujatuma hata shilingi moja uliza hivi, hiyo nyumba ni ya nani?

Juu mitaa ya zamani si sawa zote. Kaloleni ya miaka ya 40, Ziwani, Shauri Moyo, halafu Maringo na Mbotela za miaka ya 50, hizo zilijengwa na serikali ya jiji enzi za mkoloni na mpaka leo ni za kaunti. (Mbotela ni jina la Tom Mbotela, na Ofafa, kama kwa Ofafa Maringo, ni la diwani Ambrose Ofafa, wote waliuawa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya enzi za Mau Mau, wengi wanapita hapo kila siku na hawajui.) Mwenye kukaa hapo ni mpangaji hata kama familia imekaa tangu enzi za babu. Kwa hivyo mtu akikwambia anakuuzia nyumba Kaloleni, anakuuzia ufunguo tu, taito hana. Binamu yangu alituma pesa ya miaka minne ya kazi ya usiku kwa mtu wa hivyo, kufika akapata mpangaji kwenye rekodi ni mtu mwingine kabisa, na hakuna korti ingemsaidia juu hakukuwa na kitu cha kuuzwa. Iliniuma sana. Na kaunti ikiamua kujenga upya inajenga, kule Pangani nyumba za zamani zilibomolewa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu.

Buruburu ni tofauti. Ilianza kujengwa miaka ya 70, feizi ya 1 mpaka ya 5, na watu walinunua kwa mogeji, kwa hivyo taito zipo. Hapo tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji, afanye sachi kwenye Ardhisasa, ule mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, na aangalie lisi, yaani muda wa kukodi ardhi, imebaki miaka mingapi juu benki hazipendi lisi fupi. Omba klirensi ya land renti ya serikali na ya reti za kaunti, zote mbili, la sivyo deni la mwenyewe linakuwa lako. Weka kando asilimia 4 ya stempu duti. Uliza pia kama ile ekstensheni ya mbele ilipata kibali, nyumba nyingi zimeongezwa duka au vyumba mpaka ukutani.

Kama ulichukua uraia wa huko, Katiba ya 2010 inakuruhusu kuwa na uraia pacha, rudisha wa Kenya kwanza. Asiye raia anapata lisi isiyozidi miaka 99, na ndugu zetu wa Tanzania na Uganda hiyo inawahusu pia.

Sasa maisha yenyewe. Buruburu tunakaa kwa korti, nyumba kadhaa zinaangaliana na geti ni moja, na korti ndiyo itakufanya upende mtaa au uuchukie. Siku ukihamia piga hodi kila mlango, jiunge na grupu ya WhatsApp, toa pesa ya soja na ya taka kwa wakati, na kukiwa na matanga mchango utoe hata kama marehemu humjui. Mimi nilipolazwa ni jirani ndiye alilala na watoto wangu wiki nzima, sikumwomba. Kelele za nganya, zile matatu za muziki mkubwa za ruti ya 58, utazoea, usitake kuzinyamazisha wiki ya kwanza.

Maji ni ya mgao, tanki kubwa si anasa. Mabomba ya zamani yanashika kutu kwa ukuta na waya za stima zimechoka, kwa hivyo lipa plamba na fundi wa stima wakague kabla ya rangi na kabati.

Na usije kuangalia nyumba Disemba, mvua si nyingi kama ya Aprili na kila kitu kinapendeza. Njoo Aprili, mvua ikinyesha usiku mzima, asubuhi nenda uangalie siling'i halafu uangalie sewa nyuma ya nyumba kama inarudisha.