Omeprazole imezwe kabla ya chai

Mtu akirudi dukani kwangu hapa Morogoro akisema, "Dada, ile omeprazole haijanisaidia," huwa namuuliza kwanza anaimeza saa ngapi. Wengi huimeza wameshashiba, au kiungulia kikishapanda.

Omeprazole, dawa ya kiungulia na vidonda vya tumbo, haizimi tindikali iliyokwisha kumwagika tumboni. Inazifunga pampu ndogondogo kwenye ukuta wa tumbo zinazoitoa, na pampu hizo huamka chakula kinapoingia. Basi imeze asubuhi hujala kitu, kwa maji, kisha subiri nusu saa hadi saa moja ndipo unywe chai. Nafuu kamili huchukua siku 1 hadi 4. Ukitaka kutulia papo hapo, tafuna vidonge vya magnesium vya kuzima tindikali.

Usiiponde. Fungua kapsuli moja uone: ndani hakuna unga, kuna punje ndogo za mviringo, na kila punje imevikwa ganda la kuikinga na tindikali mpaka ifike utumbo mdogo. Nawasihi sana wanaowasagia wazee dawa kwenye kijiko, kwa sababu ukiisaga umeiharibu. Mzee asiyeweza kumeza, njoo tuzungumze.

Kwa kiungulia, kawaida ni miligramu 20 mara moja kwa siku. Siku 14 zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari, usije kwangu kuongeza pakiti. Vidonda vya tumbo vyenye bakteria wa H. pylori haviponi kwa omeprazole peke yake. Huambatana na antibiotiki, kwa mfano amoxicillin na clarithromycin, na dozi unaimaliza hata kama maumivu yamekwisha. Ukiweza, pima kabla hujaanza, maana omeprazole inaweza kuwaficha bakteria kwenye kipimo cha choo.

Maudhi madogo madogo yapo: kichwa kuuma, gesi, kichefuchefu, kuharisha au choo kigumu. Mengi huisha yenyewe. Wanaonitia hofu ni wanaoimeza mwaka mzima bila kuonwa na daktari. Vitamini B12 na magnesiamu vinaweza kushuka mwilini, na mifupa ikawa rahisi kuvunjika. Tena ukishaizoea muda mrefu ukaiacha ghafla, tindikali hurudi kwa nguvu kwa muda, ukadhani ugonjwa umeanza upya. Daktari akupunguzie taratibu.

Nitajie dawa zako zote. Clopidogrel ya moyo hupungua nguvu ikikutana na omeprazole, na ARV zenye rilpivirine au atazanavir nazo huathirika. Kama kuna watu dukani, niite pembeni uniambie.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kinaposhuka au ukikonda bila sababu, sikuuzii kitu, nakuelekeza hospitali. Na kama unameza diclofenac kwa ajili ya mgongo, niambie pia, maana huenda ndiyo inayokuchoma tumbo.