Kubadilishana wahadhiri na chuo cha dini cha nje: anzeni na mtu na somo, hati baadae

Wadau wa vyuo vya dini, hii ni kwa mnaotaka kuleta mhadhiri kutoka nje na kumpeleka wa kwenu. Hapa Bagamoyo walimu wageni sio jambo jipya, mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni 1868, ila mara nyingi ugeni unakuja upande mmoja tu, wa kwetu hawaendi, na mimi naona hilo ndo la kurekebisha.

Msikimbilie kusaini makubaliano na kupiga picha na baba askofu. Kaeni kwanza idarani mchague mtu kwa jina, atafundisha nini kule, wiki ngapi, na nani atabeba vipindi vyake akiwa hayupo, maana hapo ndo mipango mingi inapofia, mwalimu ana madarasa matatu na mkuu wa idara anagoma kumwachia, na ana haki kabisa. Kalenda pia angalieni, sisi tunaanza Oktoba au Novemba, Marekani wengi wanaanza Agosti.

Hela: mwenzenu akiwa Ulaya muulizeni Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaogharamia kubadilishana wanafunzi na walimu. Chuo cha Ulaya ndo kinaomba, nyie mnakuwa washirika, safari ya kufundisha ni siku 5 mpaka miezi 2 na angalau saa 8 darasani kwa wiki.

Marekani ni viza ya J-1, ya wageni wa mabadilishano, na hapa muwe makini sana. Ndani ya viza hiyo kuna kundi la msomi wa muda mfupi, mwisho miezi 6, na kuna la profesa. Akiingizwa la profesa, akishamaliza hawezi kulirudia mpaka miezi 24 ipite hata kama alikaa wiki tatu tu, kwa hiyo kama mnataka arudi mwakani semeni mnataka la msomi wa muda mfupi kabla chuo cha kule hakijatoa DS-2019, fomu ya kuombea viza hiyo.

Suala la imani liulizeni waziwazi. Wheaton College ya Illinois walimu wanasaini tamko la imani kila mwaka, Georgetown, chuo cha Wajesuiti (shirika la Kikatoliki), hawadai hivyo, na mhadhiri wenu anaweza kuwa Muislamu, ajue kabla tiketi haijakatwa. Mgeni naye mwambieni kwamba kwenye chuo cha kanisa huku atakuta mabinti wa hijabu mbele yake, Ijumaa mchana asiweke mtihani, na Ramadhani kipindi cha saa kumi jioni wanafunzi wamechoka, asidhani wanamdharau.

Asije na viza ya utalii jamani. Kazi ya muda mfupi ni viza ya biashara, dola 250, siku 90, zaidi ya hapo ni kibali cha kazi na cha ukaazi, na akitaka kufanya utafiti apitie COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti.

Akishafika mpeni mwalimu mwenyeji wafundishe somo moja pamoja, afu huyo mwenyeji ndo awe wa kwanza kwenda chuo cha mgeni.