Afya ya Mwanamke: Dalili Inayoweza Kusubiri na Isiyosubiri

Wanawake wengi wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa hawakukosa kuiona dalili. Waliiona mapema, wakaambiwa na shoga, jirani au mama mkwe kuwa ni chango, uchovu au mambo ya kawaida ya kike, nao wakangoja. Mwongozo huu unakusudia kumsaidia msomaji kutofautisha jambo linaloweza kusubiri siku chache, jambo linalotaka kuonwa na daktari ndani ya wiki moja au mbili, na lile ambalo hata kulala nalo usiku mmoja ni hatari. Hautoshi kuchukua nafasi ya vipimo, lakini unaweza kukufikisha kwenye vipimo hivyo kwa wakati.

Anza kwa kuujua mwili wako

Kigezo cha kwanza ni mazoea yako mwenyewe. Mzunguko wa hedhi wa mwanamke mtu mzima huwa kati ya siku 21 na 35, ukihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu ya mwezi unaofuata, na damu yenyewe hutoka kwa siku 2 hadi 7. Mwenye mzunguko wa siku 24 na mwenye siku 33 wote wako sawa, na kujilinganisha na dada yako hakutakupa jibu lolote. Jambo la kuangalia ni mabadiliko: hedhi iliyokuwa ya siku nne sasa inafika tisa, au iliyokuwa haikuumi sasa inakulaza kitandani.

Kwa sababu hiyo, andika tarehe katika daftari, kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu, pamoja na idadi ya pedi ulizotumia kwa siku na siku ulizoshindwa kwenda kazini au shuleni. Kumbukumbu za miezi mitatu humpa daktari picha ambayo maelezo ya mdomo hayawezi kuitoa. Zingatia pia kwamba kwa msichana aliyevunja ungo karibuni mzunguko huweza kuyumba kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, na kwamba sindano na vijiti vya uzazi wa mpango mara nyingi huleta matone yasiyo na mpangilio, au huisimamisha hedhi kabisa, bila ya kuwa ugonjwa. Anayetumia njia hizo na akasumbuliwa na matone arudi kliniki alikopewa badala ya kujitoa kijiti au kuacha sindano kimya kimya, kwa maana njia nyingine zinazomfaa zipo.

Hedhi nyingi kupita kiasi

Hedhi ni nyingi kupita kiasi iwapo unalazimika kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, unavaa pedi mbili kwa pamoja, unaamka usiku kubadilisha, unatoa mabonge yenye upana unaozidi sentimita 2 na nusu, au damu inaendelea zaidi ya siku 7. Chanzo kinaweza kuwa homoni zisizo na uwiano, kitanzi cha madini ya shaba, tatizo la damu kuganda, au uvimbe kwenye kizazi, yaani faibroidi, ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika na kwa kawaida si saratani. Wanawake wengi wenye faibroidi hawahitaji matibabu yoyote. Wale wanaotokwa damu nyingi, wenye maumivu au wanaotafuta mtoto bila mafanikio ndio wanaohitaji kufanyiwa altrasaundi na kushauriwa juu ya dawa au upasuaji.

Hapa pana jambo linalonitia wasiwasi. Matangazo ya dawa za kuyeyusha uvimbe yamejaa kwenye nguzo za umeme na mitandaoni, na mwanamke anaweza kuzinunua kwa miezi kadhaa huku damu ikiendelea kumtoka. Hasara kubwa si fedha peke yake, bali ni upungufu wa damu unaojengeka polepole kiasi kwamba mwenye nao huuzoea: anahema akipanda ngazi, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamzunguka, ana hamu ya kula udongo au barafu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu ulio chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito kipimo hicho ni 11. Kipimo ni cha haraka na vituo vingi vya afya vinacho. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, wala usivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kufyonzwa.

Damu isiyo ya hedhi

Damu inayotoka baada ya kujamiiana, kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya hedhi kukoma haitakiwi kupuuzwa hata ikiwa ni matone machache yasiyouma. Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya miaka 45 na 55. Damu yoyote inayokuja baada ya hapo ni sababu ya kumwona daktari ndani ya siku chache. Wengi wa wanaochunguzwa hukutwa hawana saratani, na ndiyo maana kwenda mapema ni ahueni kuliko kukaa na hofu. Bibi anayesema kwa furaha kwamba ujana umemrudia apelekwe hospitalini kwa upole, lakini apelekwe.

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kuna hali moja ambayo kila familia inapaswa kuijua, nayo ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hedhi imechelewa, pengine kwa wiki mbili tu na mwenyewe hajui kama ana mimba. Kisha anaanza kuona matone ya damu na maumivu makali ya tumbo la chini, mara nyingi upande mmoja. Mrija wa uzazi ukipasuka, damu huvujia tumboni na kuchokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, ndiyo sababu baadhi ya wanawake huhisi maumivu kwenye ncha ya bega. Akizimia, akitokwa jasho la baridi au akipauka, hapana muda wa kukandwa maji ya moto wala wa kwenda kwanza duka la dawa. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na usimpe chakula njiani.

Uzito huo huo upewe mjamzito anayetokwa damu, anayeumwa kichwa sana huku akiona maruweruwe, aliyevimba uso na mikono, aliyepatwa na degedege, aliyepasukiwa chupa kabla ya wakati, au ambaye mtoto amepunguza kucheza tumboni. Mzazi aliyejifungua na ambaye pedi inaloa chepechepe ndani ya saa moja, au mwenye homa na uchafu unaonuka, asisubiri kukamilisha arobaini ndani ya nyumba.

Maumivu ya hedhi

Maumivu ya siku moja au mbili yanayotulia kwa dawa ya kawaida ya maumivu au chupa ya maji ya moto hayahitaji daktari. Maumivu yanayomfanya msichana akose shule kila mwezi, yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yanayoambatana na maumivu wakati wa kujamiiana au kujisaidia, yanahitaji uchunguzi. Huenda ni endometriosisi, hali ambayo tishu inayofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake. Kumwambia binti kwamba yatakwisha akizaa ni kumnyima miaka ya matibabu ambayo angeweza kuyapata.

Uchafu ukeni na maumivu ya mkojo

Majimaji meupe au yasiyo na rangi, yasiyonuka wala kuwasha, ni ya kawaida na hubadilika kulingana na siku za mzunguko. Uchafu mweupe, mzito, wenye mabonge na muwasho mkali aghalabu ni fangasi. Harufu inayokaribia ya samaki huashiria kuvurugika kwa bakteria wanaoishi ukeni, na rangi ya njano au kijani yenye mapovu huweza kuwa ugonjwa wa zinaa unaomtaka mwenzi naye atibiwe. Dalili hizi huchanganyika, hivyo kupima ni bora kuliko kukisia. Uchafu ukiambatana na homa na maumivu ya tumbo la chini, nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa maambukizi yaliyopanda kwenye mirija yasipotibiwa huweza kuleta ugumba. Uke hujisafisha wenyewe. Kuosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu, au kuingiza dawa za kubana, huua bakteria walinzi na kuyaleta maradhi yale yale unayoyakimbia.

Mkojo unaochoma na kukujia mara kwa mara ni dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo, ile yutiai ya mtaani. Kwa maoni yangu jina hili hutolewa kirahisi mno: kila mwenye maumivu ya tumbo huambiwa ana yutiai sugu na kupewa antibiotiki nyingine. Ikikurudia mara kwa mara, omba mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane ni kijidudu gani na ni dawa ipi inayokifaa. Homa, kutapika au maumivu ya kiunoni chini ya mbavu humaanisha huenda maambukizi yamefika kwenye figo, na hapo ni leo, si kesho.

Matiti na mlango wa kizazi

Yachunguze matiti siku chache baada ya hedhi kwisha, yanapokuwa laini. Uvimbe mpya, hasa mgumu usiouma, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu kwenye chuchu, au ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa, vionwe na daktari ndani ya wiki mbili, hata kama una miaka 28 na unanyonyesha.

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini Tanzania inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake, hutokana na virusi vya HPV na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukua, muda ambao huwa mfupi zaidi kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu. Kwa hiyo kipimo cha saratani hii ni cha mwanamke asiye na dalili: kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Kwa njia ya siki, mhudumu hupaka siki iliyochujuka kwenye mlango wa kizazi na kutazama sehemu zinazogeuka nyeupe. Mabadiliko ya awali huweza kutibiwa kwa kuyagandisha au kuyaunguza kabla hayajawa saratani. Usiende ukiwa kwenye hedhi, na kwa siku mbili kabla usijamiiane wala kutumia dawa za ukeni. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana kote nchini Tanzania mwaka 2018, na tangu 2024 wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Aliyechanjwa bado anahitaji kupimwa atakapofikia umri huo.

Ukifika kwa daktari

Sema tatizo lenyewe mwanzoni, usilizunguke kwa habari za kichwa na mgongo huku lililokuleta likibaki la mlangoni. Taja siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, mimba ulizobeba pamoja na zilizoharibika, na dawa zote unazotumia, ikiwa ni pamoja na mitishamba. Unaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamke au kuwa na mtu wako unapopimwa. Ukiambiwa ni hali ya kawaida lakini dalili zikaendelea baada ya kumaliza dawa, rudi na daftari lako na uombe barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.