Namna ya kusoma vizuizi vya safari kabla havijameza msimu: mwongozo kwa wenye biashara ndogo za utalii

Wengi wetu tunaoishi kwa kutegemea wageni, tukisikia kwamba ugonjwa mpya umezuka, huuliza kwanza kama uwanja wetu wa ndege utafungwa. Mgeni, hata hivyo, ni mtu wa kwenda na kurudi, na wakati wa UVIKO-19 mlango uliotuumiza zaidi ulikuwa ule wa kurudia kwao. Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa mwezi Aprili 2020 na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei, lakini wageni walioingia nchini mwaka huo walikuwa 620,867, ilhali mwaka uliotangulia walifika 1,527,230.

Anza, basi, kwa kufungua vitabu vyako vya miaka miwili au mitatu na kuorodhesha nchi wanakotoka wageni wako. Mbele ya kila nchi jibu maswali manne: mgeni akirudi kwao atadaiwa nini, serikali yake inashauri nini kuhusu kuja kwetu, bima yake inasemaje, na ndege zake hupitia wapi. Suala la bima ndilo husahaulika zaidi. Bima nyingi za safari hukataa kumlipa mtu aliyekwenda mahali ambapo serikali yake imeshauri watu wasiende, kwa hiyo mgeni mwenye tiketi na viza mkononi anaweza kubaki kwao bila mtu yeyote kumkataza kusafiri.

Kisa cha Kenya kinaonyesha jambo hili vizuri. Kenya ilianza tena kupokea ndege za abiria za kimataifa tarehe 1 Agosti 2020, lakini Uingereza iliiweka katika orodha yake nyekundu tarehe 9 Aprili 2021 na kuitoa tarehe 22 Septemba. Mkazi wa Uingereza aliyerudi kutoka nchi ya orodha hiyo alipaswa kukaa karantini hotelini kwa siku 10 na kujilipia mwenyewe. Kwa bei za mwanzo, mtu mzima wa kwanza alilipa pauni 1,750, wa pili pauni 650, na mtoto wa miaka 5 hadi 12 pauni 325. Piga hesabu ya mume, mke na watoto wawili wa miaka 7 na 10: ni pauni 3,050, na hapo hawajalipia hata usiku mmoja Maasai Mara. Sasa zitazame tena zile tarehe. Julai hadi Septemba ndipo nyumbu huvuka Mto Mara, na karibu nusu ya kipindi hicho shule za Uingereza huwa likizo. Mwenye kambi aliyewategemea Waingereza peke yao hakuwa na la kufanya ilipofika Julai.

Sehemu ngumu kuliko zote ni arbuni. Mgeni humlipa wakala wa nje, wakala akakulipa wewe, nawe ukalipa hoteli, magari na ada za hifadhi. Safari ikivunjika, madai hurudi kwa njia hiyo hiyo na anayebanwa ni aliye katikati. Mwaka 2020 nilikuwa nimeilipa kambi moja fedha zote za kundi la watu sita. Wageni walidai chao, kambi ikanionyesha masharti yake, nami nikarudisha kwa awamu kutoka mfukoni. Kosa lilikuwa langu kwa kiasi kikubwa, maana mkataba wangu ulisema tu kwamba fedha hazirudishwi “isipokuwa kwa dharura”, na kila mmoja wetu alikuwa na dharura yake.

Katika mkataba wako, yataje matukio kwa majina: kusitishwa kwa ndege, kufungwa kwa mpaka wa upande wowote, karantini ya lazima wakati wa kurudi, na mgeni kukutwa na ugonjwa kabla ya kuondoka kwao. Kwa karantini, kwa mfano, unaweza kuandika hivi: “Iwapo nchi anakoishi mgeni itatangaza karantini ya lazima kwa wanaotoka huku, mgeni ataruhusiwa kuahirisha safari kwa muda usiozidi miezi 18 bila nyongeza ya bei ya huduma zetu, ila ada za serikali zitafuata viwango vya siku ya safari.” Kabla ya kumtumia mgeni maneno hayo, hakikisha hoteli nayo imekuandikia muda huo huo, la sivyo umeahidi kwa mfuko wako.

Kuongeza masoko husaidia, ila kwa tahadhari. Mwanzoni mwa 2021 Zanzibar ilipokea Warusi na Waukraine wengi, na waliowageukia walipumua. Februari 2022 vita kati ya nchi hizo mbili vikaanza, na anga ya Ukraine ikafungwa kwa ndege za abiria.

Andaa pia ujumbe na namba za wageni mapema, kwa sababu muda huwa mfupi mno. Afrika Kusini ilitoa taarifa ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, tarehe 24 Novemba 2021, na tarehe 26 Uingereza ilikuwa imekwisha kuzuia ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Kwa wageni walio tayari porini, jua maabara iliyo karibu, saa za majibu, na nani atalipia chumba wakizuiliwa. Marekani ilidai kipimo kutoka kwa abiria waliokuwa wakiingia nchini humo kuanzia Januari 2021 hadi Juni 2022, kwanza ndani ya siku 3 kabla ya safari, baadaye ndani ya siku 1, jambo lililovuruga ratiba za waliolala mbali na mji.

Mlipuko ukitokea jirani, au hata ndani ya nchi lakini mbali na hifadhi, mgeni hataitofautisha mikoa. Marburg, homa hatari ya virusi inayofanana na Ebola, ilipothibitishwa Biharamulo mkoani Kagera Januari 2025, swali la wageni lilikuwa kama Serengeti ni salama. Usijibu kwa “msijali”. Mtumie ramani yenye Biharamulo na kila mahali atakapolala, pamoja na taarifa ya Wizara ya Afya yenye tarehe yake, na umwandikie ni siku gani utamletea taarifa nyingine.